Uzi: Pampu ya sabuni inahesabu sekunde, mililita tunahesabu sisi (wafuaji wa biashara tukutane hapa)

Kipimio (mleta mada)

Wakuu, salama? Uzi huu ni wa watu wa udobi mkubwa: wanaofua mashuka ya hoteli, nguo za hospitali, sare za viwandani, na kila anayesimamia mashine zinazoletewa sabuni ya maji na pampu moja kwa moja kutoka kwenye madumu. Jambo lenyewe limenikaa kooni muda mrefu, leo nalitoa.

Nilikuwa msimamizi wa zamu kwenye chumba cha kufulia chenye mashine nne za kilo 25. Mashuka yakaanza kupoteza weupe. Hayakuwa na madoa. Ni ule ukijivu unaoingia polepole, hujui ulianza lini mpaka uweke shuka jipya kando ya la zamani. Tukalaumu maji. Tukailaumu zamu ya usiku kwamba inashindilia mashine. Tukabadilisha sabuni, tukapandisha joto, tukaongeza klorini (dawa ya maji ya kung'arishia), na sasa mashuka yakaanza kuchanika kwenye pindo kabla ya umri wake. Miezi miwili tunazunguka mbuyu.

Siku moja nikachukua silinda ya kupimia, ile ndefu yenye mistari, nikavaa miwani na glavu, nikachomoa mrija wa kutolea sabuni kuu kwenye mashine namba 3, nikauingiza ndani ya silinda. Nikamwambia kijana wa zamu abonyeze kitufe cha pampu kwa sekunde 30. Ilitakiwa itoke 200 ml. Ilitoka 128. Nikadhani nimekosea kusoma, tukarudia mara mbili: 130, kisha 127. Nikafungua kifuniko cha pampu. Mpira wa ndani ulikuwa umelala bapa kama utepe, pale rola zinapoukanyaga pameng'aa, na ukiuminya kwa vidole haurudi kuwa mviringo. Wakati huohuo skrini ya mtambo ilikuwa kijani tupu: mizigo yote imepata dozi.

Pampu nyingi za aina hii hazina kipimo chochote ndani. Kuna mpira laini uliokunjwa nusu duara, na rola mbili au tatu zinazozunguka zikiukanyaga. Rola ikipita inasukuma sabuni iliyo mbele yake, na mpira ukijikunjua nyuma ya rola ndio unaovuta sabuni nyingine kutoka kwenye dumu. Uzuri wake ni kwamba kemikali haigusi chuma wala mota, safari yake yote imo ndani ya mpira. Udhaifu wake umo humohumo: nguvu ya kuvuta ni ule mpira kujikunjua. Ukichoka, kila mzunguko unavuta pungufu, huku mota inazunguka kama kawaida na saa inahesabu kama kawaida.

Twende kwenye hesabu. Dozi yetu ilikuwa 8 ml kwa kila kilo ya nguo kavu. Mzigo wa kilo 25 unahitaji 200 ml. Pampu ikiwa na mpira mpya inatoa 400 ml kwa dakika, kwa hiyo ilipangiwa sekunde 30. Mpira uliochoka ulikuwa unatoa kama 256 kwa dakika, na sekunde zilezile 30 zikawa zinaleta 128. Zaidi ya theluthi ya sabuni haikuwa inaingia.

Mwaka 1959 mkemia Mjerumani Herbert Sinner alieleza ufuaji kwa duara la vitu vinne: kemikali, joto, msuguano na muda. Ukipunguza kimoja, vingine lazima vizibe pengo. Sisi tulipunguza kemikali bila kujua, tukaziba pengo kwa joto na klorini, na pamba ndiyo iliyoumia. Kilichoniuma zaidi ni kwamba nilimsema kijana wa zamu ya usiku mbele ya wenzake kwa kosa la mpira. Nilimwomba radhi baadaye, mbele ya wenzake vilevile.

Karibuni, leteni uzoefu wenu. Nitajibu ninachokijua.

Mgeni wa Dobi

Nipo siti ya mbele mkuu. Mimi nina mashine mbili za kilo 15, vijana wanapima kwa kikombe. Nimeshawishiwa nifunge pampu. Haja ipo kweli, kama pampu yenyewe inaweza kukosea hivyo na isiseme?

Kipimio

Haja ipo, ila inategemea unafua nini.

Mkono wa mtu ukiona nguo chafu huongeza. Mstari wa kikombe ukifutika hukadiria. Na wengi wanadhani kuzidisha sabuni ni usalama, kumbe povu likijaa kwenye ngoma nguo zinaelea badala ya kugongana, msuguano unakufa. Kisha suuza zilizopangwa hazitoshi, nguo inatoka na mabaki ya alikali (dawa kali ya kuondoa mafuta na uchafu), ikipita kwenye pasi ya rola inageuka njano. Pampu iliyopimwa inakuondolea hayo yote. Inakuondolea pia hatari ya mtu kubeba jagi la alikali kali au klorini juu ya usawa wa macho yake mara ishirini kwa siku. Hilo peke yake kwangu linatosha kufunga pampu.

Lakini kama unatumia sabuni moja na kilainishi basi, na mizigo ni michache, kikombe kizuri na mizani ya kupimia nguo vinakufikisha. Siku utakapoingiza alikali, klorini na asidi ya mwisho, kila moja na dakika yake, hapo mkono hautoshi tena.

Mizani usiitupe hata ukifunga pampu. Pampu haioni ndani ya ngoma. Ukiweka nusu mzigo kwa programu ya mzigo kamili, inamwaga dozi kamili.

Fundi wa Ishara

Mleta mada amesema kweli kuhusu mpira. Niongeze upande wa umeme, maana huko ndiko ninakoitwa mara nyingi.

Mashine ya kufulia ikifika hatua ya sabuni inatuma ishara ya umeme kwenye kisanduku cha pampu. Nyingine zinatuma volti 24, nyingine 220, na ukiunganisha bila kusoma kibandiko unaunguza kadi ya umeme ya ndani. Kuna namna mbili za kuzipanga. Ya kwanza, mashine inashikilia ishara na pampu inazunguka muda wote ishara ipo. Hapa sekunde zinakaa kwenye programu ya mashine. Ya pili, mashine inagusa tu kama mtu anayebisha hodi, halafu kisanduku cha pampu kinafuata sekunde zake chenyewe. Nimekuta mahali fundi wa mashine ameongeza sekunde kwenye mashine akiamini anaongeza sabuni, na kisanduku kiko kwenye namna ya pili, hakikubadilika hata tone. Kabla hujagusa kitu, jua sekunde zinakaa wapi.

Halafu kuna ishara za uongo. Mahali pengine nyaya za ishara zilipitishwa bomba moja na nyaya za mota. Kila mashine ilipoanza kukamua, pampu ya klorini nayo ilishtuka na kumwaga kidogo. Nyaya tulizitenganisha, na kisanduku tukakipangia kisikubali ishara iliyodumu chini ya sekunde 2. Ikaisha.

Sasa lile ambalo sitalisahau. Niliitwa nikaonyeshwa foronya zenye matundu, kila tundu ukubwa wa sarafu, na yote yako upande mmoja wa mzigo. Wakafikiri ni panya, kisha wakafikiri ni ngoma ina ncha kali. Nikakaa mbele ya mashine programu nzima nikiangalia kioo. Ilipofika hatua ya klorini, ishara ilitoka vali ya maji ilipofunguka, siyo maji yalipofika kimo. Klorini kali ikawa inadondoka juu ya pamba iliyokamuliwa, haina maji ya kuipunguza ukali. Dawa yake: pampu isubiri mpaka maji yafike kimo, na nyuma ya kila dozi yapite maji ya kusukuma ili mrija ubaki mtupu. Mwisho wa mrija weka vali ya kuzuia kurudi, kwa sababu kilichobaki ndani kitadondoka tu baadaye, pengine kwenye nguo kavu za mzigo unaofuata.

Mgeni wa Dobi

Fundi, maji ya kusukuma yanatoka wapi? Kwenye bomba la kawaida?

Fundi wa Ishara

Ndiyo, ila usiunganishe bomba moja kwa moja. Presha ya maji ikikatika, bomba linaweza kunyonya kemikali likairudisha kwenye maji ya kunywa ya jengo zima. Lazima pawe na tangi dogo ambamo maji yanadondoka kupitia nafasi ya hewa, au kifaa halali cha kuzuia maji kurudi nyuma. Ulaya wana kiwango kizima cha jambo hili, EN 1717. Fundi akikwambia si lazima, tafuta mwingine.

Mama Mashuka

Nawasalimu wote. Mimi ni wa nguo za hospitali, na nina neno moja zito kuhusu klorini.

Wodi nyingi zinasafisha ngozi ya mgonjwa kwa klorheksidini. Ikibaki kwenye shuka haionekani. Shuka likifika kwenye klorini, inaganda na kuwa doa la kahawia ambalo halitoki. Unaona doa baada ya kufua, siyo kabla, ndiyo maana kila mtu anamlaumu dobi. Tulitupa mashuka mengi kabla hatujaelewa. Nguo za wodi hizo sasa zina programu yake, na tunang'arisha kwa dawa za oksijeni, yaani haidrojeni peroksaidi au asidi ya peresetiki. Na kwenye kisanduku cha pampu, programu hiyo klorini imezimwa kabisa, haikuachwa kwenye sekunde 0 ambazo mtu anaweza kuzibadilisha kwa bahati mbaya.

Pia msidhani ripoti ya pampu ni ripoti ya usafi. Mwongozo wa Uingereza wa nguo za hospitali, HTM 01-04, unataka maji yakae 65 °C kwa dakika 10 au 71 °C kwa dakika 3, na juu ya hapo muda wa joto kuenea kwenye mzigo. CDC, kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, inataja 71 °C kwa dakika 25. Mnaona zinavyotofautiana, kila mmoja afuate wa kwake. Lakini pampu haijui lolote kati ya hayo. Dozi inaweza kuwa sahihi na kipasha maji kimekufa tangu jana.

Kipimio

Asante sana mama, hilo la klorheksidini liandikwe ukutani.

Niongezee mpangilio wa dozi, kwa sababu pampu inafuata ulichoandika hata kama kemikali mbili zinauana. Vimeng'enya (enzaimu za kwenye sabuni zinazovunja uchafu) na klorini visikutane, klorini inaviharibu. Sabuni kuu na kilainishi navyo visikutane, vinashikana na kuacha utando kwenye nguo. Kilainishi kinakwenda suuza ya mwisho, na kwenye taulo kiwe kidogo maana kikizidi taulo linakataa kunyonya maji. Klorini tunaiweka kwenye maji yasiyozidi 60 °C, na nguo isuuzwe vizuri kabla asidi haijaingia. Asidi ndiyo inayomaliza alikali iliyobaki ili nguo isitoke na ile harufu na unjano wa pasi.

Dumu la Bluu

Mleta mada, hapo kwenye kupima mimi napingana na wewe. Kwetu mtambo ni wa msambazaji wa sabuni. Walifunga wao, mkataba unasema tusiguse. Fundi wao anakuja kila mwezi. Sasa nikianza kuchomoa mirija, si natafuta kesi? Kila mtu na kazi yake.

Kipimio

Nakuelewa ndugu yangu, na sikushauri uvunje mkataba. Ila nguo ni zako. Fundi wao anakuja siku moja, wewe unafua siku ishirini na tisa zilizobaki.

Nikwambie yaliyonikuta. Baada ya kugundua ile 128, nilimwita fundi wa msambazaji wetu. Alipima, akaona kweli iko chini, akapandisha sekunde kutoka 30 hadi 47. Hesabu ikakubali: 256 kwa dakika, mara sekunde 47, unapata 200 ml. Akaweka sahihi, akaondoka. Mpira hakuubadilisha. Baada ya wiki chache akaja mwenzake, akaona mpira umechoka, akaweka mpya. Sekunde hakuzishusha. Mpira mpya wa 400 kwa dakika ukazunguka sekunde 47, na kila mzigo ukapewa 313 ml. Povu likapanda mpaka likatokea kwenye bomba la hewa nyuma ya mashine. Kila mmoja alifanya jambo linaloonekana sahihi, ila hapakuwa na karatasi inayoonyesha aliyetangulia alifanya nini.

Kwa hiyo usiguse pampu, lakini siku fundi akija simama naye. Omba aandike vipimo vinne kwa kila pampu: ilitoa ngapi alipofika, inatoa ngapi anapoondoka, sekunde zilikuwa ngapi, sasa ni ngapi. Na tarehe mpira ulipobadilishwa. Fundi mzuri hakatai, wengi wanafurahi kupata mteja anayefuatilia.

Kisha kuna kipimo ambacho hakuna mkataba unaokizuia, kuhesabu madumu. Dumu la lita 20 kwa dozi ya 200 ml linafua mizigo 100. Andika tarehe kwenye dumu siku unapolifungua, na usome namba ya mizigo kwenye mashine. Likiisha kwenye mzigo wa 95 au 105, sawa. Sisi kwa ile 128 dumu lilikuwa linatufikisha mizigo 156, na nakumbuka kabisa tulivyofurahi kwamba sabuni siku hizi inadumu. Jibu lilikuwa mbele yetu miezi miwili nzima.

Dumu la Bluu

Hiyo ya madumu nimeielewa na naianza kesho. Sikuwahi kuifikiria. Asante.

Zamu ya Usiku

Naomba niingie. Kuna jambo lilitokea kwetu na sijawahi kulisimulia.

Madumu yetu yote ni meupe. Usiku mmoja, karibu saa tisa, dumu la asidi liliisha. Mwenzangu akachomoa mrija wa kunyonyea wa asidi, ukiwa bado unadondosha, akauingiza kwenye dumu jipya alilolisogeza. Lilikuwa la klorini. Nilisikia harufu kabla sijaelewa, koo likabana kama nimemeza moshi, macho yakajaa machozi. Tulikimbia nje. Mwenzangu alikohoa mpaka asubuhi na akapelekwa kuangaliwa, alipona. Tulipoambiwa turudi kazini hakuna aliyetueleza tulikosea wapi, tuliambiwa tu tuwe makini. Tungefanyaje?

Kipimio

Pole sana wewe na mwenzako. Kumwambia mtu "kuwa makini" saa tisa usiku mbele ya madumu mawili yanayofanana si kumlinda.

Mlichovuta ni gesi ya klorini. Asidi ikikutana na klorini ya maji inaifukuza gesi ile itoke, na gesi yenyewe ni nzito kuliko hewa, inatambaa chini na kukaa kwenye chumba kilichofungwa. Kukimbia nje ndiyo ilikuwa sahihi. Asirudi mtu kuchomoa mrija, asimwage mtu kitu kingine juu yake "kuipooza". Mnatoka, mnazuia wengine wasiingie, mnaita watu wenye vifaa.

Kuzuia lisitokee tena ni kazi ya chumba chenyewe, siyo ya akili ya mtu aliyechoka. Asidi na klorini zisikae kwenye trei moja la kukingia yanayomwagika, na ikiwezekana ziwe kuta mbili tofauti. Mrija wa kunyonyea, kifuniko na dumu vyote viwe na rangi moja kwa kila kemikali. Ziko fimbo za kunyonyea zenye vifuniko vinavyokubali dumu la aina moja tu, ziulizieni. Funeli moja isitumike kwa kemikali mbili, na mabaki ya dumu la zamani yasimiminwe kwenye jipya. Fimbo ikitoka, isuuzwe kwa maji kabla ya kwenda popote. Miwani na glavu zining'inie palepale kwenye madumu, siyo ofisini. Na pawe na maji ya kuoshea macho karibu: alikali ikiruka machoni unaosha angalau dakika 15 mfululizo bila kusubiri daktari, kisha ndiyo unakwenda kwa daktari.

Walio na mitambo ambayo kemikali zote zinapita bomba moja kwenda kwenye mashine nyingi, hili linawahusu mara mbili. Maji ya kusukuma kati ya kemikali moja na nyingine ndiyo ukuta pekee mlionao. Vali ya maji hayo ikiziba, mtambo ukatae kutoa dozi. Hakikisheni kwamba kweli unakataa: fungeni bomba la maji kwa makusudi fundi akiwepo, muone kengele inalia.

Mama Mashuka

Na fundi wa kupima kwa silinda naye akumbuke. Ukitoka kupima klorini, silinda ioshwe kwa maji mengi kabla ya kupima asidi. Bora uwe nazo mbili zenye majina.

Mgeni wa Dobi

Swali la haraka: hizi mashine ndefu za handaki zenye vyumba vingi, nazo ni hivihivi?

Fundi wa Ishara

Msingi ni uleule, ila dozi inakwenda kwa chumba siyo kwa programu, na mzigo unahama kila dakika chache. Kosa la dakika kumi linapita kwenye mizigo kadhaa kabla mtu hajaona. Ndiyo maana wengi huko wanaweka vipima mtiririko vinavyosoma kemikali inayopita, badala ya kutegemea sekunde peke yake. Uzi wake ufunguliwe peke yake.

Zamu ya Usiku

Nimerudi. Leo mchana niliomba ruhusa nikapima mashine namba 1. Sekunde 60 kila mara, mara tatu kila pampu, na zote zimeandikwa 400 kwa dakika. Nilivaa miwani.

Alikali: 395, 390, 396.
Sabuni: 310, 305, 312.
Kilainishi: 240, 300, 180.

Mkuu nisaidie kusoma. Hiyo ya kilainishi nimerudia mpaka nikachoka, haitulii.

Kipimio

Umepima vizuri sana, kupima mara tatu ndiko kunakotupa jibu.

Alikali iko salama, iache.

Sabuni iko chini lakini namba zake zinakaribiana. Hiyo ni sura ya mpira uliochoka: kila mzunguko unavuta pungufu kwa kiasi kilekile. Usiongeze sekunde. Badilisha mpira, wa aina iliyotajwa kwa kemikali hiyo, maana mpira unaovumilia sabuni si lazima uvumilie klorini. Ukishauweka, acha pampu izunguke mpaka mrija ujae, pima upya kwa sabuni yenyewe siyo maji, kisha ndiyo upange sekunde.

Kilainishi namba zinaruka. Mpira uliochoka hauruki hivyo. Hiyo ni hewa. Pampu inanyonya kilainishi na hewa kwa zamu. Anzia kwenye dumu: limekaribia kuisha? Fimbo inafika chini? Kisha vali ya chini ya fimbo, angalia kama kilainishi kimeganda kwenye chujio, kinafanya hivyo sana kukiwa na baridi. Kisha fuata mrija wa kunyonyea kwa vidole, inchi kwa inchi, hasa pale unapokunja kona na pale unapoingia kwenye pampu. Waambie wawashe pampu wewe ukiwa na tochi, tazama mapovu yanaanzia wapi.

Na klorini hukuipima. Nayo ipime, ukiwa na mtu mwingine na dirisha wazi. Klorini inatoa gesi yenyewe ikikaa, zaidi kwenye joto na mwanga, kwa hiyo mapovu kwenye mrija wake yanaweza kutoka ndani ya dawa yenyewe. Dumu la zamani pia linakuwa limepoteza nguvu, hata pampu ikitoa mililita sahihi.

Zamu ya Usiku

Nimeipata! Mrija wa kilainishi umepasuka ufa mdogo nyuma ya nati ya fimbo, mahali mrija unapopindwa kila tukibadilisha dumu. Ukiwa umenyooka hauonekani, ukiupinda unafunguka kama mdomo. Nimekata kipande hicho, nikaurudisha, nikakaza. Sasa: 388, 391, 389.

Klorini tunapima kesho na fundi. Mpira wa sabuni umeagizwa.

Kipimio

Safi kabisa. Kesho ukija na fundi, kabla hajagusa chochote mwonyeshe hizo namba za sabuni na umwombe aandike sekunde zilizopo sasa. Inawezekana aliyemtangulia alishaziongeza. Kama ziko juu ya zile za awali, zishushwe siku hiyohiyo mpira mpya unapowekwa. Ukimaliza tuwekee namba zote hapa, na siku uliyofungua dumu jipya.